Jina Lililoachwa Macho

Siku ya tatu ya kulaza majina ilinyesha mvua ya barafu, na sauti ya Merewen ilikuwa imebaki mkwaruzo tu. Alikuwa na majina mia tatu na kumi na mawili ya kulaza, yote ameyabeba kichwani, maana kwetu Orveth jina la mtu aliyeuawa haliandikwi popote. Linakaa kwa mwitaji mmoja, na mwitaji akizeeka anamrithisha mwingine. Watu wa Talmar nao wana mwitaji wao na majina yao, ya wale tuliowaua sisi, na wala hayakuwa machache. Kwa miaka mia moja tulichinjana nao kwa sababu ya malisho, kwa sababu ya kivuko cha mto, na mara moja kwa sababu ya mzaha kuhusu pua ya malkia wao.

Jiwe la Kuitia liko mpakani, kwenye nyika iliyo wazi, na lilikuwepo kabla ya falme zote mbili. Haliguswi na mtu isipokuwa mwitaji. Akiweka kiganja juu yake akamwita aliyeuawa kwa jina lake na la mama yake, jiwe linapata joto. Ndivyo maiti wetu wanavyojibu. Na maadamu anajibu, yuko macho, na ndugu yake ana haki ya kumwaga damu ya aliyemuua bila kuulizwa na mfalme wala malkia. Ndiyo sheria, na ndiyo iliyofanya kila muungano wetu na Talmar usifike hata majira ya kukata manyoya.

Lakini mwaka huo majitu ya Skarn yaliamka kwenye barafu yao ya kaskazini, na Mlango wa Skarn, ule upenyo wa milimani ambao ndio njia yao pekee ya kuteremka kwetu, ulihitaji watu elfu sita kuuziba. Orveth tulikuwa na elfu tatu. Talmar walikuwa nao wengine kiasi hicho. Mfalme wetu Cadrun na malkia wao Ysane wakakutana nyikani, hawakutabasamu, hawakuulizana hali, na kwa muda wa saa moja wakakubaliana jambo lililowashinda babu zao: majina yote yalazwe, ya pande zote mbili, hadi la mwisho. Jina likishalazwa jiwe linakuwa baridi, na hakuna anayelitamka tena, hata mama aliyemzaa. Na likionekana moja limeachwa macho, kiapo chote ni bure, na kila jeshi linarudi kwao.

Sasa Merewen alikuwa mwitaji, na alikuwa mama. Tavin, mwanawe wa kwanza, aliuawa kivukoni miaka sita kabla na kijana wa Talmar aitwaye Rorek, wakigombania nani aoshe kondoo wake kwanza. Alikuwa na miaka ishirini. Kazi ya Merewen ilimtaka apande nyikani mwanzo wa mwezi tu, lakini tangu kifo kile alipanda kila alasiri, akaweka kiganja jiweni na kumwita mwanawe, na jiwe likapata joto. Alimsimulia ya nyumbani: kondoo gani kazaa pacha, Idrel mdogo wake kavunja nini tena, nani kaoa na nani kaachwa. Watu walimwona. Kama kuna waliomcheka, walimchekea mbali.

Haldis, mwitaji wa Talmar, mwanamke mrefu mwenye nywele nyeupe zilizokatwa kama za mwanamume, alimaliza majina yake siku ya pili. Merewen alisimama karibu naye kama shahidi, na alimsikia akiwalaza wanawe mwenyewe watatu, mmoja baada ya mwingine, bila sauti kutikisika hata kidogo. Moyoni Merewen alimhukumu. Alisema huyu hakuzaa, huyu aliokota.

Yeye Tavin alimweka mwisho. Ilipofika jioni ya siku ya tatu watu walikuwa wamepungua, kwa sababu kila ukoo ulingoja jina lake, ukalia, ukaondoka kutafuta kitu cha moto. Waliobaki walikuwa wakipiga miguu chini kwa baridi. Merewen akasema, "Oren wa Gisla, lala. Hatukuiti tena," na jiwe likapoa chini ya kiganja chake. Likabaki jina moja. Alifungua kinywa, na kinywa kikakataa. Kisha akasema, kwa sauti ile ile aliyotumia kwa wengine wote, "Yamekwisha."

Haldis akainamisha kichwa. Ngoma zikapigwa, watu wa falme mbili wakashikana mikono, wengine wakafuta mkono baadaye kwenye suruali. Hakuna aliyejua, ila mmoja. Idrel alikuwa amesimama mbele kabisa, kichwa wazi kwenye mvua, kama inavyompasa mtu ambaye ndugu yake anakwenda kulazwa. Alikuwa amelingoja jina la kaka yake siku tatu. Alimtazama mama yake, na mama yake akatazama chini. Baada ya muda kijana akavaa kofia yake.

Hawakuzungumza. Kama unalitafuta kosa, liko hapo, huna haja ya kwenda mbali. Neno moja tu njiani kurudi nyumbani lingetosha. Merewen hakuliacha jina lile kwa ajili ya damu. Rorek hata hakuwa akilini mwake. Aliliacha kwa ajili ya lile joto la alasiri kiganjani, basi, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha mwanawe na alishindwa kukitoa. Lakini Idrel alikuwa mtoto wa Orveth, na mtoto wa Orveth akiona jina limeachwa macho anaelewa jambo moja tu. Alielewa kwamba mama yake amemwachia kazi.

Talmar wakahamia kwetu, kwenye mabonde ya chini ya Mlango wa Skarn, na majeshi yote mawili yakaanza kujenga ukuta wa magogo na mawe kuziba upenyo. Tulicheka vyakula vyao, uji wa shayiri usio na chumvi, nao wakacheka kondoo wetu, wakasema ni mbuzi waliovaa vizuri. Mapigano yalikuwa ya ngumi tu. Merewen, ambaye kwa miaka ishirini na sita aliitwa Mama Tavin, aliamka asubuhi moja akiwa Mama Idrel, kwa sababu jina la aliyelazwa halitamkwi, na majirani zake walijikaza kweli kweli wasikosee. Kila walipofanikiwa kulikwepa, yeye aliona aibu.

Wiki ya kwanza Rorek alikuja mlangoni kwake. Alikuwa amekuwa mwanamume wa ndevu, mabega mapana, na alishika kofia mkononi kama mtu anayekuja kuposa. Hakuingia ndani.

"Mama, mimi ni Rorek."

"Nakujua."

"Nisingekuja kama angekuwa macho. Lakini kalala, nikasema niende." Akaigeuza kofia mkononi. "Tulikuwa tunasukumana tu, mama. Kama watoto. Tatizo mimi nilikuwa na kisu na yeye hakuwa nacho. Sikutaka. Nilitaka ulisikie kwangu."

Merewen alipaswa kumwambia aondoke, apande farasi na asirudi. Maneno yalimfika kooni. Lakini kumwambia hayo ilikuwa sawa na kumwambia kwamba Tavin hajalazwa, na Rorek angempelekea habari mwitaji wao, na mwitaji angempelekea malkia. Badala yake akammiminia maziwa ya kondoo ya moto kwenye kikombe cha pembe, na Rorek akayanywa pale pale kizingitini, akashukuru, machozi yakimlengalenga.

Alipokuwa akitoka alikutana na Idrel akiingia. Idrel akampisha kwa adabu kabisa. Kisha akaingia, akakaa, akakitazama kikombe.

"Umempa cha baba," akasema.

"Ndicho kilichokuwa karibu."

Idrel akacheka puani. "Wewe mama ni mbweha, unajua kusubiri."

Alimuuliza ana maana gani, naye akasema hana maana yoyote, ana njaa. Merewen angeweza kumwuliza tena. Badala yake akampakulia chakula. Alikuja kuikumbuka dakika ile mara nyingi kuliko alivyokumbuka kuzaliwa kwa mtoto mwenyewe.

Siku nne baadaye, saa ya chakula cha mchana, Idrel alipanga foleni ya uji pamoja na wajenzi wengine, Rorek akiwa watu wawili mbele yake. Akawaomba wale wawili wampishe. Akamgusa Rorek begani ili ageuke, kwa sababu mtu hachomwi mgongoni, na akamtia makasi ya kukatia manyoya chini ya mbavu. Akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Kwa Tavin wa Merewen, aliye macho." Kisha akachukua bakuli lake, akakaa juu ya gogo, na akala. Hakukimbia. Alikuwa mtu aliyetimiza sheria, akimaliza uji wake.

Mfalme Cadrun alikwenda nyumbani kwa Merewen mwenyewe, kwa miguu, na akawaacha walinzi nje. Walikuwa wa rika moja. Walipokuwa watoto Cadrun alikuwa akimwibia tufaha. Akakaa kwenye kigoda na kumwuliza mambo yalivyo. Ulimlaza, au hukumlaza?

"Niliwalaza niliowalaza," Merewen akasema.

Mfalme akafumba macho.

"Ysane anataka jiwe liulizwe," akasema. "Kesho adhuhuri, mbele ya majeshi yote. Haldis ataweka mkono, kisha wewe utathibitisha. Likiwa na joto, kijana wako hana kosa, anarudi nyumbani. Na Talmar wanafunga mizigo, maana tumewadanganya. Likiwa baridi, wanabaki ukutani, na kijana wako amevunja amani." Hakusema adhabu yake, hakuna asiyeijua. "Leo jiwe halina mlinzi, Mama Tavin. Sikuagizi kitu. Nakuambia tu halina mlinzi."

Alimwita Mama Tavin bila kujua, au akijua. Alipofika mlangoni akasema kwamba jana majitu yalikuwa yamevuka barafu ya pili, na akaenda zake.

Merewen alipita kwanza kwenye ghala la manyoya, walikomfungia Idrel. Alimkuta amelala chali juu ya magunia ya sufu, mikono imefungwa mbele, akipiga mluzi. Kijana alimwuliza kama kesho jioni kutakuwa na nyama, kwa sababu uji wa Talmar umemchosha na sasa hatalazimika kuula tena. Akamwambia asiwe na wasiwasi. Jiwe litajibu, utaona. Alimwambia pia kwamba siku ile mvuani, aliposema yamekwisha, alimpenda kuliko siku nyingine yoyote maishani mwake, kwa sababu alidhani mama naye atamsahau kaka kama wengine wote walivyokuwa wakimsahau, kwa amri, kama watu wanaozima mishumaa. Merewen alimfunika kwa gunia moja la ziada na akatoka upesi.

Akapanda nyikani. Ilikuwa alasiri, saa yake ya kawaida, na hapakuwa na mtu. Akaweka kiganja jiweni na kumwita Tavin wa Merewen, na jiwe likapata joto chini ya mkono wake, polepole, kwa uaminifu, kama kila siku kwa miaka sita. Hakumsimulia lolote. Alikuwa na neno moja tu la kusema, na neno hilo lingemtoa mwanawe wa pili roho. Alisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi, akipima mtoto kwa nchi. Mwishowe akakata shauri. Amewapa mmoja tayari. Kama nchi inataka mtoto mwingine, itafute mama mwingine. Akaondoa mkono bila kumlaza Tavin, na akateremka kwa hatua nyepesi, akafika nyumbani na kuinjika mguu wa kondoo kwa ajili ya kesho yake.

Asubuhi moshi ulionekana juu ya Hollin, kijiji cha mwisho chini ya barafu. Watu wake walikuwa wakiteremka na mikokoteni, na kwa kuwa hapakuwa na nafasi kwingine, walipangwa kwenye mazizi ya kondoo kando ya njia ya nyikani. Merewen alipita katikati yao akienda jiweni. Wanawake wa Talmar walikuwa wakiwagawia uji usio na chumvi, na mama wa Orveth waliokuwa wakiucheka uji huo wiki iliyopita walikuwa wakiwapulizia watoto wa Hollin upoe. Mzee mmoja wa Hollin akamwuliza ukuta utakamilika lini. Merewen akamjibu hajui. Mzee akamshukuru, kana kwamba amepewa habari njema.

Adhuhuri majeshi yote mawili yalisimama kuzunguka nyika, kimya, na Idrel akaletwa. Alimkonyeza mama yake. Malkia Ysane alikuwa juu ya farasi wake mweusi, tayari na vazi la safari. Mfalme Cadrun alikuwa amesimama chini, akitazama viatu vyake.

Haldis akasogea mbele. Rorek alikuwa mtoto wa dada yake. Kila mtu alilijua hilo na kila mtu alilifikiri. Akaweka kiganja juu ya jiwe, akaita, "Tavin wa Merewen," na akatulia. Merewen, ambaye alikuwa hatua moja tu kutoka kwake, aliona vidole vya yule mwanamke vikishtuka. Aliona joto likimfika, maana yeye alilijua joto lile kuliko mtu yeyote duniani. Haldis akainua uso na kumtazama, si kwa hasira. Alimtazama kwa uchovu, kama mtu anayekuomba umshikie ncha ya pili ya mzigo.

"Baridi," Haldis akasema.

Manung'uniko yakapita kwenye umati. Hadi leo hakuna anayejua kama Haldis alisema vile kwa ajili ya nchi mbili au kwa ajili ya mpwa wake, na nadhani hata yeye hajui.

"Mwitaji wa Orveth athibitishe," akasema malkia.

Merewen alikuwa amekuja na neno lake tayari. Alilala nalo, aliamka nalo, lilikuwa ulimini. Akaweka mkono na kuita, na jiwe likampokea kwa joto lile lile. Alichopaswa kufanya ni kusema kweli. Mara hii hakutakiwa hata kudanganya. Akamwona Idrel akitabasamu. Akaiona mikokoteni ya Hollin nyuma ya umati, na moshi nyuma ya mikokoteni. Mbele yake alikuwa mwanamke aliyewalaza wanawe watatu kwa sauti isiyotikisika, na sasa tu, kwa umbali wa hatua moja, Merewen aliona kwamba meno ya chini ya mwanamke huyo yamesagika hadi kwenye ufizi.

"Baridi," Merewen akasema.

Hakujua kwamba atasema hivyo mpaka aliposikia. Tabasamu la Idrel halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni kidogo, halina kazi, kisha likaanguka. Hakupiga kelele. Walimzungusha na kumwondoa, na hukumu ikasomwa: upanga, kabla ya jua kutua, mbele ya majeshi yote mawili. Malkia akashuka kwenye farasi wake, akavua vazi la safari na kuamuru watu wake warudi ukutani.

Umati ulipokwisha kuondoka, Haldis alibaki. Akasimama kati ya Merewen na njia, akatanua joho lake kama anayekinga upepo.

"Mlaze sasa, dada," akasema kwa sauti ya chini. "Nakusubiri."

Miaka sita alimsimulia Tavin kila kitu, lakini wakati huu hakukuwa na nafasi ya kusimulia. Hakuweza kumweleza kwa nini, wala kumwomba radhi, wala kumwambia mdogo wake atafika lini huko aliko, kwa sababu mvunja amani haitwi jiweni na Idrel hatajibu popote. Akasema yale maneno ya siku zote. "Tavin wa Merewen, lala. Hatukuiti tena." Joto likaondoka chini ya kiganja, taratibu, kama sufuria iliyoepuliwa. Aliuacha mkono pale hadi jiwe likawa jiwe. Haldis akamshika mkono na kumwinua, na wakateremka pamoja bila kuongea, hadi kwenye ghala la manyoya, na hapo Haldis akageuka.

Walimpa nafasi na mwanawe hadi saa ya hukumu. Walinzi wawili, mmoja wa kwetu na mmoja wa Talmar, walisimama kwenye mlango ulioachwa wazi. Idrel alikuwa amekaa safari hii, magoti kifuani. Uso wake ulikuwa umerudi utotoni, wa yule mtoto aliyekuwa akivunja vyombo na kuja kusema mwenyewe kabla hajaulizwa.

"Lilikuwa baridi?" akauliza.

"Baridi."

"Uliligusa vizuri, mama?"

"Kwa kiganja chote. Ni baridi, mwanangu." Na kwa saa ile ilikuwa kweli.

Akafikiri. Merewen alimwona akirudi nyuma, siku baada ya siku, hadi kwenye mvua ile. "Mbona siku ile sikusikia? Nilikuwa mbele kabisa."

Angeweza kumwambia. Angeinama sikioni na kumwambia, hukukosea, uliona sawasawa, ni mimi. Lakini alimjua. Idrel asingeweza kukaa kimya na jambo kama hilo; angelipaza mlangoni, mlinzi wa Talmar angelisikia, na kufikia jioni ukuta ungekuwa hauna watu na mazizi yote yale yangebaki wazi. Merewen angekuwa amemuua mwanawe bure, na watu wa mazizini pia. Kwa hiyo akasema uongo wa pili siku hiyo, na ule ulikuwa mzito kuliko wa kwanza.

"Nilimlaza faraghani, kabla ya siku zile," akasema. "Nilipanda peke yangu. Sikutaka watu wanione nikimlaza. Nilidhani nilikuambia."

Idrel akatikisa kichwa polepole. Hapana, hukuniambia. Akaitazama mikono yake iliyofungwa, na alipoongea sauti ilikuwa ndogo.

"Basi nimeua mtu bure," akasema. "Alikuja nyumbani akanywa maziwa. Mama, mimi nilidhani umemwacha kaka macho kwa ajili yangu. Niliapa ndivyo. Nisamehe. Utabaki peke yako kwa ujinga wangu. Nisamehe, mama."

Kila alichotaka Merewen kusema kilikuwa ni yale maneno aliyoyasema mtoto. Yeye ndiye aliyepaswa kupiga magoti juu ya sufu ile na kuomba. Kijana alikuwa akimtazama, akingoja, akiogopa asije akakataa.

"Nimekusamehe," akamwambia.

Idrel akashusha pumzi yote aliyokuwa ameizuia, akaegemeza kichwa kwenye paja lake, na akalia kwa sauti kama mtu aliyetuliwa mzigo. Merewen akamchana nywele kwa vidole, akiondoa nyuzi za sufu moja moja, mpaka jua lilipofika kizingitini na wale wawili wakaingia. Kijana akasimama mwenyewe. Akawafuata bila kusukumwa, uso umetulia, na mlangoni akageuka akamshukuru.